Ukoga wa Mashine ya Prudensia

Kama uko mezani unakula, malizia kwanza ndio usome hii. Marehemu mke wangu alikuwa Mgogo wa Kongwa, ndiye aliyenifundisha kula mlenda, ile mboga ya kuteleza, na nimeula miaka yote bila kuuchoka. Tangu ile Ijumaa ya Alief, mimi na mlenda basi. Nikiletewa nauangalia vile unavyovutika kwenye kijiko, nasukuma bakuli pembeni.

Mimi naitwa Ambilikile, kwetu Tukuyu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea jina la kidude cha kompyuta mnisamehe, mjukuu wangu kashanisahihisha mpaka kachoka. Naishi Irving, huku Texas Marekani, kwa binti yangu Joyceline, jirani na uwanja wa ndege, ndege zikishuka vikombe vinagongana kabatini. Joyceline ni nesi, na unesi wake anarudi nao nyumbani. Jikoni kwake huingii hujanawa. Mimi baba yake mzazi nimeshawahi kurudishwa sinkini kama mtoto wa chekechea, eti katikati ya vidole sikusugua. Nyama ikikaa nje kidogo, imeenda jalalani. Nilikuwa namsifia kwa watu, nasema binti yangu ni msafi mpaka anatia hasira.

Ana mtoto mmoja tu, Prudensia, yuko chuo. Mimi namwita mchumba wangu, na yeye ananijibu hawezi kuolewa na mzee asiye na meno ya mbele. Tunaelewana sana. Mama yake akiwa kazini tunakaa wote wawili, mimi nampa habari za Tukuyu, yeye ananionyesha mashine yake.

Sasa hiyo mashine. Msifikirie kompyuta ya kuandikia barua. Ni boksi la kioo, kuku wawili wanalala humo bila kubanana, ndani kuna taa zinabadilika rangi na mipira inayopitisha maji ya bluu. Mara ya kwanza kuiona nilimuuliza samaki wako wapi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akanielewesha. Ndani mle kuna kadi moja nzito, yeye anaiita jipiyu, ndiyo inayochora picha za michezo kwenye skrini. Imetengenezwa iende kwa mwendo fulani. Yeye mwendo huo haumtoshi, anailazimisha iende zaidi, na wenyewe wanaita kuovaklok. Kitu ukikilazimisha kinachemka, na feni haikiwezi. Kwa hiyo juu ya ile kadi amefunga kipande cha shaba chenye mifereji myembamba kama meno ya kitana. Maji yanapita humo, yanabeba joto, yanakwenda kwenye rejeta kama ya gari, yanapoa, yanarudi. Nikamwambia basi huyo ni punda anachapwa huku anamwagiwa maji. Akasema, ndiyo hivyohivyo, Babu.

Kitu kimoja alikuwa mkali nacho. Maji yake ni maji ya betri, yale yasiyo na kitu chochote ndani, na matone ya dawa ya kuzuia uchafu usiote. Maji ya bomba hapana. Siku moja nilitaka kumsaidia niyaongeze kwa glasi yangu, alinishika mkono hewani.

Joyceline alikuwa haipendi mashine hiyo kabisa. Si kwamba ni mtu mbaya. Unesi ndio uliomleta Marekani, unesi ndio ulionileta mimi, unesi ndio ulioweka bati kwenye nyumba ya Tukuyu. Akiona mtoto wake anasugua vyuma anaona mtoto anapotea. Wakawa wanagombana, tena kwa lugha mbili, mama Kiswahili, mtoto Kiingereza, mimi katikati kama mkimbizi. Mwisho wakapatana. Kulikuwa na mashindano Houston ya hao wanaolazimisha kadi. Prudensia akiwa ndani ya watatu wa kwanza, Joyceline hatatamka tena neno unesi. Akitoka patupu, mwezi wa nane anahamia masomo ya unesi, bila kununa. Wakapeana mikono mezani, mimi nikawekwa shahidi. Nilijisikia mkubwa siku hiyo, nisiwafiche.

Ngoja sasa niwape habari ya galoni, maana bila galoni hamtaelewa.

Binti ya dada yangu, Apolonia, anaishi Alief, Houston upande wa kusini magharibi. Kanisani kwake kuna Mchungaji Severin, anaombea maji, watu wanabeba kwenda nayo nyumbani. Maji ya upako. Mimi ni Mmoraviani wa zamani, mambo ya magaloni sikukua nayo, lakini simsemi vibaya mchungaji. Yeye aliomba tu. Yaliyofuata ni ya kwetu wenyewe. Joyceline alileta galoni lake Irving, akadondoshea na mafuta ya upako humo humo, akaliweka pembeni ya kochi. Akaanza kulitumia. Ananyunyizia viatu vya kazini, ananyunyizia gari, anachovya vidole anapaka goti langu. Wenzake wa maombi wakija, kila mmoja anachovya. Nilishaona mama mmoja ametoka kula pilau, vidole vinang'aa mafuta, akavizamisha humo hadi kiganjani. Na galoni likifika nusu, Joyceline anafungulia bomba analijaza tena. Nilimuuliza, mwanangu, haya si yalishaisha zamani, haya ni maji ya Irving. Akanijibu upako haupungui, Baba, ukichanganya unaenea. Basi lile galoni halikuwahi kukauka wala kuoshwa. Nesi huyo, anayenirudisha sinkini mimi.

Na mimi kila asubuhi alikuwa ananipa kikombe, kwa ajili ya goti. Nilikuwa nakunywa. Yalikuwa na ladha kama kijiko cha bati. Mtoto wako akikupa kitu kwa mapenzi utasemaje.

Kabla ya mashindano Prudensia aliingia mitihani. Mashine akaizima, ikakaa dirishani kwake, jua la Texas linaipiga mchana kutwa. Siku aliyomaliza mtihani wa mwisho, mchana huohuo tukapakia tukaondoka na Joyceline, barabara ile ndefu ya kwenda Houston. Maji yalikuwa ya bluu na taa zimezimwa, nani angeona kitu.

Tulifikia kwa Apolonia. Akanipa shikamoo yake, mjomba umenenepa, mjomba Amerika imekukubali, akatuwekea ndizi nyama, tukalala vizuri. Ijumaa mchana Prudensia akaweka mashine kwenye meza ya chakula ya Apolonia aijaribu, kesho ndiyo siku. Akawasha. Pampu ikalia kama mtu anayevuta makamasi. Akainama akasikiliza. Zile namba za joto kwenye skrini zikaanza kupanda, zikapita pale anapopakubali, zikaendelea, akazima haraka. Akawasha taa ya simu akamulika kwenye tanki.

Aliita "Babu" tu. Nikasogea.

Ndani ya yale maji ya bluu kulikuwa na kitu kinaning'inia. Sikijui jina. Kama kamasi la ng'ombe mwenye mafua. Nyuzi nyuzi, zinacheza polepole, na juu yake utando wa mafuta una rangi rangi kama barabarani gari linapovuja. Alipofungua kifuniko harufu ilitoka, bwana we. Mmeshawahi kusahau kitambaa cha kuoshea vyombo ndani ya ndoo iliyofunikwa? Hiyo ni nusu yake. Apolonia alitoka jikoni akaziba pua kwa kanga, akauliza nani kaleta panya aliyekufa.

Prudensia alifunga kifuniko. Alibeba mashine akaipeleka bafuni, akamwaga maji kwenye beseni, akafungua kile kipande cha shaba juu ya kadi. Mle kwenye ile mifereji myembamba ndimo ulimojazana. Ukoga. Ule ule wa kwenye mtungi usiooshwa, ila huu ulikuwa mnene, kijivu cha kijani, umejishika kwenye shaba kama ute wa konokono. Akauvuta kwa kibanio cha nyusi. Ulivutika, ukavutika, haukukatika. Mimi nilishika mlango.

Hapo ndipo nilipoona jambo. Joyceline alikuwa amesimama mbali, kwenye korido. Joyceline ambaye mtu akitapika ndani ya nyumba yeye ndiye wa kwanza kufika na glavu. Leo kuna uchafu mbele yake na hasogei. Hata haangalii. Anaangalia picha ya harusi ya Apolonia ukutani kama hajawahi kuiona, na ile harusi alikuwepo.

Prudensia naye aliona. Alikwaruza ule utando wa mafuta kwa kidole, akanusa. Yale mafuta yana harufu yake ya mizeituni na marashi, nyumba nzima ya Irving inanukia hivyo. Mjukuu wangu akikasirika kidogo anahamia Kiingereza. Safari hii alibaki kwenye Kiswahili, ndipo nikajua limemwingia.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya upako. Kidogo tu, kikombe cha kahawa. Kabla hujaanza mitihani."

Apolonia akacheka, anapenda kutuliza mambo kwa kucheka. Akasema basi mwanangu limeshabarikiwa hilo, libebe hivyohivyo kesho, wenzako wana kompyuta wewe una madhabahu. Hakuna aliyemfuata kwenye kicheko.

Prudensia bado alikuwa amechuchumaa pembeni ya beseni, kibanio mkononi, ukoga unaning'inia. "Uliniombea nini?"

"Nilikuombea kwa Mungu."

"Kwa Mungu najua. Nakuuliza nini."

Joyceline akaanza habari ndefu, kwamba mama yeyote anaomba mapenzi ya Mungu yatimie, kwamba maombi hayaelezwi. Mimi huyu nimemlea. Akidanganya anashika sikio. Alikuwa ameshika sikio. Nikamwambia, "Joyce, mtoto kakuuliza swali fupi."

Akakaa chini pale pale koridoni, na suruali yake nzuri.

"Niliomba ushindwe," alisema. "Ushindwe mapema, ungali mdogo, usije kuumia ukubwani huna pa kushika. Sikujua yataharibu mashine. Nilidhani maji ni maji."

Jamani. Nimeishi nikaona mengi. Nimeona mtu akiiba sadaka, nimeona watoto wakigombea shamba baba bado hajazikwa. Lakini pale mlangoni, harufu ile puani, nilisikia kichefuchefu ambacho hakikutoka kwenye beseni. Ulipeana mkono na mtoto mezani, mbele yangu. Halafu ukaenda kwa mlango wa nyuma kumtuma Mungu amkate miguu. Na ukamwaga hayo maombi ndani ya kitu chake, akiwa hayupo chumbani. Nilitaka kumwambia hayo yote. Nikakumbuka kikombe cha kila asubuhi, kile cha goti, nikaangalia tena mle ndani ya beseni. Ikabidi nimwombe mjukuu wangu apishe kidogo pale chooni. Yaliyotokea humo hayahusu.

Niliporudi, Apolonia hayupo. Kumbe alikwenda chumbani kwake na simu kumulika galoni lake mwenyewe. Alirudi amefunga mdomo, uso umekuwa kama majivu, akaenda moja kwa moja kupiga mswaki.

Jioni ile ilikuwa ya kusafisha. Prudensia aliendesha gari akanunua maji ya betri na miswaki ya watoto. Joyceline alileta glavu, akasema anaweza, yeye ameosha vidonda vyenye funza, hiki hakimshindi. Prudensia akasema asiguse. Hakupayuka. Alisema tu usiguse, Mom. Kwa hiyo nesi mzima akakaa sebuleni na glavu mkononi, na mimi mwenye vidole vinavyotetemeka ndiye niliyeshika tochi. Kila mpira aliouvuta ulitoa kipande kingine. Rejeta aliitikisa, ikatapika kitu kama ini. Akasukuma maji, yakatoka machafu, akasukuma tena, yakatoka machafu kidogo, tena, yakatoka kama safi. Alisema kama safi siyo safi, Babu, kuna ukoga mwingine umejificha kwenye rejeta na sina muda wa kuifungua. Mikono yake ilinuka mpaka alikataa kula kwa vidole, akala wali kwa uma.

Jumamosi tukaenda. Ukumbi mkubwa, vijana wengi, wengine ndevu mpaka kifuani, kila mmoja na boksi lake linang'aa. Nilipenda, nisiseme uongo. Wanapewa zamu, wanailazimisha kadi, namba zinatokea kwenye skrini kubwa, watu wanashangilia kama mpira. Zamu ya kwanza ya mchumba wangu namba yake ilikuwa ya pili kwa ukubwa. Kijana mmoja Mkenya, Kibet, tuliyekaa naye, aliniambia mzee mjukuu wako ni moto. Joyceline upande wangu wa pili alikuwa amekunja mikono. Nilimchungulia. Sijui alikuwa anataka nini saa ile, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Zamu ya pili, ile ya kuamua, Prudensia alipandisha. Namba ikaenda vizuri. Halafu nikaona anainama, anatazama mpira mmoja. Kipande kilikuwa kimetoka kwenye rejeta, kinasafiri ndani ya maji safi, taratibu, watu wote wanaweza kukiona kwa sababu ya zile taa zake. Kikafika kwenye shaba kikaingia. Joto likapanda ghafla, mashine ikajizima. Skrini kubwa ikabaki na jina lake na kimstari mahali pa namba. Akawa wa tisa. Jirani yake alichungulia boksi lake, akamwambia mwenzie kwa Kiingereza kitu nilichokielewa, kwamba huyu dada hajawahi kuosha. Mjukuu wangu alisikia. Alikunja nyaya zake moja moja.

Tulikwenda mpaka kwenye gari. Joto la Houston lile la kukubandika shati mgongoni. Alipomaliza kuweka mashine kiti cha nyuma, akafunga mlango, akamgeukia mama yake.

"Mwezi wa nane nitaenda kwenye unesi. Nilikubali, nitafanya."

Joyceline akasema hapana, mimi sitaki hivyo. Prudensia akamwambia ndivyo ulivyotaka, na umepata, mbona hufurahi. Joyceline akaegemea gari. Machozi yalikuwa yanamtoka, na nitawaambia ukweli, nilimwonea huruma na sikutaka kumgusa, vyote kwa wakati mmoja. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Prudensia akasema, Babu ndiye shahidi, aseme.

Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na kiu na goti linauma.

"Mimi nilishuhudia watu wawili wanapeana mikono mezani," nikasema. "Hii nyingine ya maombi sikuishuhudia. Yale mapatano yameoza, mjukuu wangu, yanatoa harufu kuliko yale ya kwenye beseni. Huwezi kwenda kusomea kuuguza watu juu ya kitu kilichooza. Na wewe Joyce, kama una la kusema, sema hapa, mbele yangu. Usilipeleke kwingine."

Joyceline alifuta uso kwa kiganja. "Yamekufa, Baba. Asiende." Halafu akamwambia mtoto, "Endelea na mashine yako. Sitalitaja tena neno lile."

"Nitaendelea," Prudensia akasema. "Lakini usiniombee tena bila kuniuliza."

Mimi sijawahi kusikia mtoto akimwambia mzazi maneno kama hayo. Kwetu angepigwa kofi. Nilisubiri nijisikie kukasirika, sikukasirika. Joyceline aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepewa masharti ya dawa.

Prudensia akashika usukani, akaniambia nikae mbele. Joyceline akaingia nyuma, kando ya mashine. Nyuma kulikuwa pafinyu, ikabidi alikumbatie lile boksi lisiyumbe kwenye kona, shavu lake karibu na kioo. Bado lilikuwa linanuka. Jua lilivyozidi ndivyo harufu ilivyozidi, na barabara ya kurudi Irving ni ndefu. Hakulalamika, hakuziba pua, hakuomba chochote. Mimi ndiye niliyefungua dirisha.